Kasa, Ng'amba na Nyoka wa Baharini: Wavuvi na Wazamiaji wa Pwani ya Afrika Mashariki

Bahari ya Afrika Mashariki ina aina tano za kasa, na kila moja ina jina lake vinywani mwa wavuvi. Kasa wa kawaida, ambaye baadhi humwita kasa uziwa, hula majani ya bahari katika maji ya kina kifupi. Ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka na kupinda, hukaa miambani akichokoa sifongo katikati ya matumbawe. Duvi ana kichwa kikubwa na taya za kuvunja magamba ya kome. Kigome ni mdogo kuliko wote, na noa ni mkubwa kupita wote, mgongo wake ukifunikwa na ngozi badala ya gamba gumu. Kati ya hao watano, ni kasa wa kawaida na ng'amba wanaotaga zaidi katika fukwe za Kenya na Tanzania. Kwa hiyo historia ya uwindaji na utazamaji wa kasa katika pwani hii ni, kwa sehemu kubwa, historia ya hao wawili.

Kasa wote wana mapafu. Hata akiwa hodari kiasi gani wa kuogelea, kasa hana budi kupanda juu kuvuta pumzi, na jike hana budi kutambaa mchangani usiku ili atage. Anapojilisha, huibuka kila baada ya dakika chache. Anapolala chini ya ukingo wa mwamba, anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua. Mambo hayo mawili, pumzi na mchanga, ndiyo yaliyompa mwindaji nafasi ya kumpata, na ndiyo yanayompa mzamiaji wa leo nafasi ya kumtazama. Maarifa ya kumwona kasa chini ya maji yalikuwapo katika pwani hii karne nyingi kabla ya mtungi wa hewa, na walioyashika walikuwa wawindaji.

Maandishi ya kale zaidi juu ya pwani hii yanamtaja kasa waziwazi. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinaeleza kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wengine hukilinganisha na Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Mwandishi wake anasema watu wa huko walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya kuchonga, wakivitumia kwa uvuvi na kwa kukamata kasa. Anaongeza kwamba waliweka vikapu vya kutegea penye milango ya maji. Anayeyajua madema yanayotegwa hadi leo kandokando ya miamba ataielewa picha hiyo bila kuelezwa zaidi. Kutoka soko la Rhapta, kitabu hicho kinaorodhesha pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, na kinasema magamba hayo yalipendwa sana, yakipitwa tu na yale ya Bara Hindi. Biashara ya ng'amba, basi, ni miongoni mwa biashara za kale kabisa za pwani hii zilizoachiwa kumbukumbu.

Ardhi nayo imetoa ushahidi. Katika machimbo ya mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, yaliyoongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, mifupa ya kasa ilipatikana pamoja na ya samaki na wanyama wa kufugwa. Kasa alikuwa chakula cha nyumbani, na gamba la ng'amba lilikuwa mali ya kuuzwa ng'ambo. Katika mwili wa ng'amba mmoja kuna vipande vikubwa 13 vya thamani: vitano vya uti wa mgongo na vinane vya ubavuni, vinne kila upande. Vimeumbwa kwa kitu kilekile kinachounda ukucha na pembe. Vikipashwa moto hubanduka, vikichemshwa hulainika, na fundi huweza kuvikunja, kuviunganisha na kuving'arisha hadi viwe vitana, visanduku, mishikio ya visu na mapambo ya samani. Hicho ndicho kilichomponza ng'amba. Nyama yake haikutafutwa sana. Aliuawa kwa ajili ya uzuri wa mgongo wake.

Njia za kuwakamata zilikuwa nyingi. Wengine walitumia chusa wakiwa wamesimama omoni, wengine nyavu, wengine walimvizia jike ufukweni na kumgeuza chali kabla hajarudi majini. Lakini njia iliyowashangaza wageni kuliko zote ilikuwa ya kumtumia samaki kumkamata kasa. Samaki huyo ni chazo, mwembamba na mrefu, ambaye pezi lake la mgongoni limegeuka kuwa kisahani chenye vipingili juu ya kichwa. Kwa kisahani hicho hujibandika kwenye papa, nyangumi, kasa au hata tumbo la chombo, akabebwa bure. Ubunifu wa wavuvi ulitokana na kuelewa jinsi kisahani kinavyofanya kazi: chazo akivutwa kwa nyuma, vipingili hukaza zaidi; akisukumwa kwa mbele, huachia. Aliyefungwa kamba mkiani na kujibandika kwenye gamba la kasa hawezi kung'olewa kwa kuivuta kamba. Kila mvuto humkaza.

Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, alichapisha London maelezo ya uvuvi huo kama ulivyofanywa na wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Hakuwa wa kwanza. Mwanasayansi Mfaransa Philibert Commerson, aliyefariki mwaka 1773, alikuwa amekusanya habari zake kutoka pwani ya Msumbiji. Njia kama hiyo ilionekana pia katika visiwa vya Karibi wakati wa safari ya pili ya Christopher Columbus, na katika Mlango-Bahari wa Torres kaskazini mwa Australia, ambako wapiga mbizi waliifuata kamba hadi chini na kumfunga kasa kwa kamba nene zaidi. Katika pwani yetu waliosifika kwa kazi hii walikuwa Wabajuni wa visiwa vilivyotanda kutoka Lamu hadi Kismayu. Vinigi Grottanelli, mwanaanthropolojia wa Italia, aliandika juu ya maisha yao ya bahari katika kitabu kilichotoka mwaka 1955.

Uvuvi wa chazo ulidai uangalifu mkubwa. Samaki alitakiwa awekwe hai na alishwe, na kamba ifungwe mkiani bila kumjeruhi. Mvuvi alipaswa kujua kasa anapenda kupumzika wapi, maji yakijaa huelekea wapi, atakaa chini kwa muda gani kabla ya kuibuka, na kivuli cha chombo kitamshtua kutoka umbali gani. Hayo yote hujulikana kwa kutazama tu, tena kwa miaka. Ndiyo maana si haki kuwaona wawindaji hao kama maharamia wasiojua kitu. Hakuna aliyemjua kasa kama wao.

Uwindaji huo ulidumu kwa karne nyingi bila kummaliza kasa. Uwiano ulivunjwa na ukubwa wa soko. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa ghala la biashara ya pwani nzima. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliwafungulia Wamarekani mlango rasmi, na mataifa ya Ulaya yakafuata. Magamba yalisafirishwa pamoja na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwishoni mwa karne hiyo plastiki iliyotengenezwa kwa selulosi ilianza kuiga rangi ya ng'amba katika vitana vya bei rahisi, lakini haikumwokoa mnyama mwenyewe, kwa kuwa gamba la kweli lilibaki kuwa pambo la wenye uwezo. Katika karne ya 20 Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa kupita wote, mafundi wake wa bekko, yaani kazi ya kuchonga gamba la ng'amba, wakihitaji shehena kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1844 na 1992 karibu ng'amba milioni 9 waliuawa duniani kwa ajili ya biashara hii. Mataifa mengi yalikubaliana kuipiga marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Japani iliendelea kununua hadi mwisho wa mwaka 1992.

Nyama ina historia yake. Kasa wa kawaida aliliwa Lamu, Pemba, Mafia na kwingineko, ingawa wapo Waislamu wengi wa pwani wasiomla kwa sababu za kidini. Mafuta yake yalitumiwa kama dawa. Lakini nyama ya kasa, hasa ya ng'amba, huweza kuwa na sumu ambayo haionekani kwa macho, haina harufu na haiondoki kwa kupikwa, wala hakuna dawa inayojulikana ya kuibatilisha. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, wilaya ya Mkoani, walifariki watoto wanane na mwanamke mmoja, na makumi ya wengine wakalazwa. Misiba hiyo imekuja katika zama ambazo kumvua kasa tayari ni kosa kisheria, na inaonyesha kwamba desturi haiondoki kwa sheria peke yake.

Madhara mengine hayakutokana na nia ya mtu yeyote. Nyavu za jarife, zenye macho makubwa, hutegwa kwa ajili ya papa na taa, na kasa akinaswa humo hufa kwa kukosa hewa. Fukwe za kutagia zimejaa majengo na taa. Mfano unaouma zaidi ni Maziwe, kisiwa kidogo mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje na kilihesabiwa kuwa miongoni mwa mahali muhimu mno pa kutagia kasa katika Afrika Mashariki. Mtafiti Jack Frazier, aliyezunguka pwani ya Tanzania katika miaka ya 1970, alikieleza hivyo, na hata kigome alitaga hapo. Kisiwa kikatengwa kuwa hifadhi. Lakini miti ilikatwa, mchanga ukahama, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Maziwe ilikuwa imebaki fungu tu linalofunikwa na maji ya bamvua. Kasa waliendelea kurudi, kwa sababu jike hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa hata kama hapafai tena. Siku hizi mayai yanayotagwa hapo huhamishiwa ufukwe wa bara wa Ushongo, la sivyo yangezama.

Kuzamia kwa ajili ya kutazama kulikuja na vyombo vipya. Watu wa pwani walikuwa wapiga mbizi tangu zamani: walishuka kwa pumzi moja kutafuta lulu, makombe na majongoo bahari. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka mtungini kulingana na kina alichopo, na baada ya vita kifaa hicho kilienea duniani. Filamu ya Cousteau, Le Monde du silence, ya mwaka 1956, iliyopigwa kwa sehemu katika Bahari ya Hindi, iliwafanya mamilioni watamani kushuka chini ya maji. Ndani yake wazamiaji wanaonekana wakimshika kasa na kuvutwa naye kama mchezo. Wakati huo hakuna aliyeona ubaya. Leo kitendo hicho kingemfukuzisha mzamiaji katika hifadhi yoyote, kwani kasa aliyeshikwa hutumia hewa yake kwa kuhangaika na anaweza kushindwa kuifikia pumzi inayofuata.

Mwaka 1968 Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na baadaye Kisite, Kiunga na Mombasa. Mwaka huohuo kasa wa Aldabra, Ushelisheli, ambao walikuwa wamechinjwa kwa miongo mingi kwa ajili ya soko la supu la Ulaya, walipewa ulinzi. Matokeo ya Aldabra yanastahili kusemwa kwa takwimu: mwishoni mwa miaka ya 1960 viota vya kasa wa kawaida vilivyotagwa humo vilikuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka, na katika miaka ya 2010 vilizidi 15,000. Ilichukua miaka hamsini, kwa sababu kasa huhitaji miaka 20 au zaidi kufikia utu uzima. Anayelinda ufukwe leo anamlindia mjukuu wake.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Unguja, mwamba wa kisiwa cha Chumbe ulitengwa mwaka 1994, na walinzi wake waliajiriwa kutoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji jirani, ambao baadaye wakawa ndio wanaowaongoza wageni majini. Mafia, kuanzia mwaka 2001, shirika la Sea Sense lilianza kazi na wanavijiji kwa utaratibu wa werevu mkubwa: mtu anayegundua kiota na kukitolea taarifa hulipwa kiasi, kisha hulipwa tena kulingana na idadi ya vifaranga watakaoanguliwa. Kiota kimoja huwa na mayai 100 au zaidi na hukaa mchangani karibu miezi miwili. Aliyezoea kuyachimba mayai kwa ajili ya chakula alipata sababu ya kuyalinda kwa siku zote hizo, na ustadi wake wa kuzisoma alama za jike mchangani ukawa ndio kazi yenyewe. Watamu, tangu miaka ya 1990, mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya huita wahifadhi, kasa hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini, na mvuvi hufidiwa muda na nyavu zake. Maelfu ya kasa wamerudishwa majini kwa njia hiyo. Mipango hii imefaulu pale ambapo hifadhi bila watu wa kijiji ilishindwa, na wavuvi wanastahili sifa yake kuliko mtu mwingine.

Hadithi ya nyoka wa baharini ni fupi zaidi. Duniani kuna aina zaidi ya 60, nyingi zikiishi Kusini-Mashariki mwa Asia na Australia, lakini ni moja tu inayofika Afrika Mashariki: nyoka mweusi mgongoni na wa manjano tumboni, mwenye mkia bapa wa kupigia kasia, aliyepewa jina la kisayansi na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1766. Huyu hakai miambani. Huelea katika bahari kuu, akijikusanya penye mistari ya povu na takataka mahali mikondo inapokutana, huzaa humohumo majini, na hana haja ya nchi kavu kamwe. Anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa tatu, kwa kuwa sehemu ya hewa huivuta kupitia ngozi. Utafiti uliofanywa pwani ya Costa Rica na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hanywi maji ya chumvi: huvumilia kiu kwa miezi mpaka mvua kubwa inyeshe na kuacha tabaka la maji baridi juu ya bahari.

Wavuvi wa pwani humkuta mara chache, na upepo mkali humtupa ufukweni, ambako hawezi hata kutambaa. Sumu yake ni kali, hushambulia neva na misuli, ingawa ni mpole na humuuma mtu kwa nadra sana. Anayeonekana amekufa mchangani asiguswe kwa mkono.

Wazamiaji wengi wanaosema wamemwona nyoka katika miamba ya Mnemba, Unguja, au Watamu wameona mkunga. Yupo mkunga mwenye pete nyeusi na nyeupe ambaye hufanana sana na nyoka wa baharini wa Asia, na ndiye anayewatisha wageni. Kumtofautisha ni rahisi kwa aliyetulia: mkunga ana pezi linalofuata mgongo na matundu ya matamvua nyuma ya kichwa, hana magamba ya kuonekana, na hupenyeza pua kwenye mashimo ya mchanga. Nyoka ana magamba, mkia bapa, na lazima apande juu kupumua.

Utazamaji wa kasa wenyewe umekuwa kazi ya elimu. Magamba ya ubavu wa uso wa kasa hayafanani kwa wanyama wawili, kwa hiyo picha safi ya upande wa kulia na wa kushoto wa uso inatosha kumtambua miaka mingi baadaye bila kumshika. Picha za wazamiaji wa kawaida zimeonyesha kasa anayerudi kwenye mwamba uleule msimu baada ya msimu. Taratibu za kumtazama zinafuata yale ambayo mvuvi wa chazo aliyajua: kumkaribia kwa ubavu na polepole, kutosimama juu yake wala kuizuia njia yake ya kupanda, kumwacha aliyelala chini ya mwamba, na kurudi nyuma mara anapoanza kupiga mapezi kwa haraka. Msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa matulivu na maangavu, ndio bora kwa kazi hiyo.

Mzamiaji atakayemkuta kasa mwenye kibandiko cha chuma kwenye pezi la mbele asikiguse. Ajaribu kuisoma namba, apige picha ya uso, aandike tarehe na mahali, kisha apeleke habari hizo ofisi ya uvuvi iliyo karibu au kwa wahifadhi wa eneo hilo. Na atakayeuziwa kitana, bangili au pete ya ng'amba barabarani, asinunue.